Mama Yoeli Hanyolewi

Ukifika Lisekese ukaulizia kwa Mama Yoeli, utaonyeshwa njia, ila si kila atakayekuonyesha atakutazama usoni. Mmoja atasema, "Yule aliyekataa kunyolewa?" kisha atatema mate pembeni. Mwingine atasema maneno hayo hayo huku anacheka, kama mtu anayeitaja timu yake iliyoshinda ugenini. Mwenyewe, Mabel, mjane wa marehemu Gasper, haulizi nani ametema na nani amecheka. Anapalilia mikorosho yake, anaimbisha kwaya ya akina mama kanisani, na kila mwezi anafuatana na mwanawe kliniki.

Mgeni aelezwe kwanza. Huku kwetu, kuanzia Masasi kupanda mpaka Newala, ukoo ukiandamwa na vifo au na ugonjwa usioeleweka, wazee hupanga safari ya kwenda kwa mganga wa kunyoa. Anayetuhumiwa hunyolewa kichwa chote, akachanjwa kwa wembe, akapakwa dawa na kunyweshwa nyingine. Wanaamini kwamba mchawi akishanyolewa, siku atakayorudia kazi yake ndiyo siku ya kufa kwake. Na asiye mchawi, wanasema, ana hofu gani? Hapo ndipo mtego ulipo. Ukinyolewa, watu wanasema kumbe naye alikuwa mmoja wao. Ukikataa, wanasema anajijua. Wengi hukubali yaishe. Mabel hakukubali, na habari hii ni ya kukataa kwake.

Mwanawe wa pekee, Yoeli, alikuwa fundi pikipiki karibu na stendi ya Masasi. Alikuwa fundi mzuri, kijana wa maneno machache, asiyelewa. Mwaka ule maua ya mikorosho yalipoanza kuchanua, akaanza kubadilika. Kwanza alikosa usingizi. Kisha wateja wakaanza kulalamika kwamba wanapeleka pikipiki kubadilishiwa plagi, wanakuta injini nzima imetandazwa kwenye gunia, hata nati zilizokuwa nzima. Akiulizwa, anajibu kuna watu wanaongea ndani, anawatafuta.

Baadaye watu hao wakahama kwenye injini wakaingia kichwani. Walikuwa wanaume wawili, na kazi yao ilikuwa kumsimulia yeye mwenyewe: sasa anafunga boliti, sasa anakunywa maji, mtazame mpumbavu yule. Wa tatu alikuwa bibi mwenye sauti ya kukwaruza, na huyo alikuwa na neno moja tu: mama yako amekuuza.

Yoeli akaacha kula chakula cha mama yake. "Umetia nini humu?" alimuuliza siku moja, sahani ya ugali na kisamvu ikiwa mbele yake.

"Nimetia chumvi, mwanangu."

"Na kingine?"

"Na nazi. Kula."

Hakula. Alitoka na jembe, akachimba muhogo mwenyewe, akauchoma mwenyewe, akaula akiwa ameupa ukuta mgongo. Mabel alimtazama kutoka mlangoni. Alishawahi kufiwa na mume, akajua machozi ni nini. Lakini kutazamwa na mtoto uliyemzaa kama unavyotazamwa na mbuzi siku ya sikukuu, hilo lilikuwa jipya.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Wapo waliosema ni salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa mikoroshoni, imempanda kichwani. Wapo waliosema bangi, na kweli Yoeli alikuwa ameivuta miaka miwili mitatu pale gereji, hilo Mabel hakulificha. Lakini lililokolea zaidi lilikuwa hili la ndondocha. Ndondocha, kwa wasiojua, ni mtu anayedaiwa kuchukuliwa na mchawi akalimishwe usiku bila mwenyewe kujua, asubuhi akaamka amechoka na akili imepungua. Na mwaka ule mikorosho ya Mabel ilizaa kuliko ya jirani yeyote.

"Mwanamke mmoja, mjane, korosho zote zile?" walisema kisimani. "Nani anamlimia?"

Mabel alikuwa amepuliza salfa mapema, kabla ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, haujaingia shambani. Wenzake walichelewa. Ndiyo siri yote. Lakini mvivu hapendi kuambiwa alichelewa. Anapenda kuambiwa amerogwa, au mwenzake karoga.

Siku waendesha bodaboda walipomleta Yoeli nyumbani amefungwa mikono kwa mpira wa tairi, kifua wazi, miguu inatoka damu kwa kukimbia barabara ya kwenda Lukuledi, Mabel alifungua ule mpira kwa meno, kwa kuwa fundo lilikuwa limekaza. Kisha akawaambia vijana wale wale, "Mliomfunga ni ninyi. Basi sasa mbebeni, twende hospitali." Nao wakambeba.

Kliniki ya afya ya akili walipokewa na muuguzi, Nesi Stamili, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu, ambaye ukikaa naye nusu saa unajua watoto wake wanasoma wapi. Cecil alikuwa ameshafika. Huyu Cecil ni kaka mkubwa wa Mabel, mwalimu mstaafu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mzee wa kanisa. Kwa desturi ya kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa hiyo Cecil ndiye aliyekaa kwenye kiti, Mabel akasimama.

"Kwenye ukoo wenu," aliuliza Nesi Stamili, "yupo mwingine aliyewahi kuugua hivi?"

"Hakuna," alijibu Cecil, upesi kama anayefukuza nzi.

"Yupo," alisema Mabel. "Mjomba wetu, Majaliwa. Alijengewa kibanda nyuma ya nyumba. Alikuwa anazungumza na watu tusiowaona mpaka akafa. Kaka, wewe ndiye uliyekuwa unampelekea chakula."

Cecil akatazama dirishani.

Nesi hakumsuta. Akawaeleza kwamba ugonjwa huo unaitwa skizofrenia, na kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kuwaambia kwa uhakika kwa nini umempata Yoeli na haukumpata mwingine. "Inaonekana mtu anazaliwa na wepesi wa kuupata," alisema. "Chukulieni mikorosho. Ipo miche myepesi kushikwa na ubwiriunga, na si yote inashikwa. Wepesi huo ukikutana na mambo mengine, shida wakati wa kuzaliwa, bangi ya ujanani, misukosuko mizito, ugonjwa unaweza kujitokeza. Unaweza. Na ninyi ndugu mnaweza kuishi hadi uzeeni msiuone. Lakini nisikilizeni vizuri: mama hakumpa. Chakula chake hakikumpa. Wala malezi."

"Kwa hiyo unasema ni damu yetu," alisema Cecil.

"Damu peke yake haitoshi, Baba."

"Lakini imo."

"Inaweza kuwemo. Si aibu. Presha nayo imo kwenye damu za watu, mbona hamuifichi?"

"Na dawa inaponya?" aliuliza Mabel.

"Inatuliza, Mama. Wapo wanaotulia moja kwa moja, wapo wanaorudiwa, wapo wanaoishi nao kama mtu anavyoishi na kisukari. Tutaanza na vidonge, baadaye sindano ya kila mwezi. Wengi wanaorudiwa ni wale wanaoacha dawa wakijiona wazima. Na dawa peke yake haitoshi. Alale vya kutosha, bangi aiache kabisa, apate kazi ya kushika mikononi, na akae na watu wasiomsimanga."

Cecil aliaga kabla Nesi hajamaliza. Mabel alijua kilichomkimbiza. Binti wa Cecil, Furaha, alikuwa amechumbiwa, na barua ya posa ilikuwa imeshafika. Ugonjwa ukiwa uchawi, anatafutwa mchawi mmoja, ananyolewa, ukoo unatakata, harusi inaendelea. Ugonjwa ukiwa damu, nani ataoa? Mchawi ananyoleka, damu hainyoleki. Mwalimu aliyefundisha sayansi miaka yote ile aliyajua maneno ya Nesi kuwa ni ya kweli, na kwa sababu hiyo hiyo hakutaka kuyasikia. Ujinga wa asiyesoma unasameheka. Ujinga wa kuchagua ni dhambi.

Dawa zikaanza kazi, polepole, na si bila karaha. Mwanzoni Yoeli alilala kama gogo, mate yakamtoka, mkono ukatetemeka hata bisibisi ikawa haishikiki. Majirani wakasema hospitali imemmaliza. Mabel alimrudisha kliniki, akapunguziwa kidonge kimoja na kuongezewa kingine cha kutuliza mtetemeko. Siku moja akarudi kutoka shambani, akamkuta Yoeli amekaa jikoni, amefunua sufuria ya kisamvu, anakula kwa kijiko cha kupikia.

"Kimepoa," alisema Yoeli bila kugeuka.

"Nani alikwambia ule kabla hujasonga ugali?" Mabel alimgombeza, kisha akatoka nje akasimama nyuma ya nyumba, khanga mdomoni, mpaka pumzi yake ikatulia.

Yoeli alirudi kazini, akatengeneza baiskeli kwanza, baadaye pikipiki. Wale wanaume wawili waliondoka. Bibi alibaki, ila sauti yake ilirudi nyuma, ikawa kama redio ya jirani. Nesi Stamili alimfundisha jambo moja: "Bibi huyo akisema neno, usimtukane, usimtii. Lipime. Mangapi amesema yakawa uongo?"

Ikawa hivyo mpaka wakwe watarajiwa wa Furaha waliposikia habari. Walituma mshenga, akasema kwa adabu kwamba wao wanaipenda familia, lakini wangependa ukoo ujisafishe kwanza. Jioni ile Cecil akafika Lisekese akiwa na mdogo wao wa kike, Huruma.

"Mama Yoeli," alianza Cecil, na Mabel akajua ni kikao, maana siku zote humwita Mabel. "Tumekaa kama ukoo. Tunakwenda kwa mganga, mbele ya Newala. Tutanyolewa wote. Mimi, Huruma, wewe, wote. Hakuna atakayenyooshewa kidole."

"Wote?"

"Wote. Hata mimi, na heshima zangu."

Lilikuwa jambo la ukarimu kwa namna yake, na ndiyo sababu lilikuwa gumu. Mabel aliendelea kuchambua kisamvu.

"Ninyi nyoleweni, Kaka. Mimi hapana."

"Wote tunyolewe, ubaki wewe peke yako? Unajua watasema nini?"

"Najua. Wanasema tayari."

Huruma alimsogelea, akamshika goti. "Dada, nakuomba. Ni nywele tu. Zinaota."

"Zinaota kichwani kwangu," alisema Mabel. "Kichwani kwa Yoeli kitaota nini? Mwanangu ana sauti inamwambia kila siku kwamba mama yako amekuuza. Anapigana nayo. Mnamwona anavyopigana? Anakula chakula changu, bibi yule yuko sikioni anamwambia sumu, naye anameza. Sasa mimi nikakae mbele yake, ninyolewe kama mchawi wake? Nitakuwa nimempelekea bibi shahidi. Na shahidi mwenyewe ni mimi."

Huruma aliliachia goti. Cecil hakulegea.

"Basi Yoeli tunamchukua. Mtoto ni wa ukoo. Mganga amesema mama asiponyolewa, mgonjwa abaki kwake mpaka aliyemfunga ashindwe."

"Na sindano yake?"

"Sindano!" Cecil aliinuka. "Mwaka mzima sindano, amepona?"

"Wewe una miaka mingapi unakunywa dawa ya presha, Kaka? Umepona?"

Siku ya safari gari aina ya Noah lilisimama mlangoni limejaa ndugu na madumu ya maji, maana Newala maji ni ya kununua, na kwa mganga kila mmoja huenda na ya kunyolea yake. Yoeli alikubali kupanda. Mjomba akiita, mpwa anakwenda. Mabel angeweza kubaki nyumbani, na hakuna ambaye angemwingiza garini kwa nguvu. Lakini nani amwache mwanawe aende peke yake mahali ambapo mama ndiye atakayesomewa mashtaka? Alifunga kilemba chake, akaketi karibu na Yoeli, na njia nzima hakuna aliyezungumza naye isipokuwa mwanawe.

"Mama, bibi anasema gari halitaupanda mlima."

"Wewe unasemaje?"

"Injini inasikika nzima. Labda kebo ya gia. Tusubiri."

Likapanda.

Uwanja wa mganga ulikuwa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, mahali ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma kulala chini likiwa na ukungu. Watu walikuwa wengi. Mganga, Bwana Faruku, alikuwa mtu mpole, shati jeupe lililopigwa pasi, asiyepandisha sauti. Wasaidizi wake walikuwa na viwembe na mabeseni. Pembeni, kwenye banda la nyasi, walikaa wagonjwa walioachwa. Kijana mmoja alikuwa amepachikwa mguu kwenye tobo la gogo, likapigiliwa kigingi ili asiuchomoe. Alikuwa anachora mchangani kwa kidole. Yoeli alimtazama, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

Ndugu wa ukoo wakapanga mstari. Cecil akatangulia, zile mvi zake zilizopunguzwa vizuri zikaanguka kwenye beseni. Huruma akafuata huku analia. Ilipofika zamu, msaidizi akamwashiria Mabel, naye hakusogea.

"Mama mzazi ni huyu?" aliuliza Bwana Faruku.

"Ni huyu," alisema Cecil, kichwa kinang'aa, damu ya chanjo ikimteremka kisogoni. "Anakataa. Basi tusikie kwa mgonjwa mwenyewe." Akamgeukia mpwa wake. "Mjomba, simama. Sema mbele ya watu hawa. Nani amekufunga?"

Watu wakageuka kumtazama Yoeli. Hata viwembe vilisimama. Hili ndilo Mabel alilolihofia kuliko kichwa chake na wembe: kwamba watamuuliza Yoeli, hadharani, na bibi atajibu.

Yoeli alisimama.

"Ipo sauti ya bibi," alisema. "Inasema ni mama."

"Mmesikia!" Cecil alipaza sauti, na mguno ukazunguka uwanja.

"Sijamaliza, Mjomba. Bibi huyo huyo juzi aliniambia wewe umekufa. Umezikwa kwa siri nyuma ya duka. Nikalia sana. Asubuhi nikaja dukani nikakukuta unagombana na mteja juu ya misumari." Mtu mmoja akapaliwa na kicheko. "Akasema Nesi Stamili ni nyoka. Ana miguu miwili, mnene, nyoka wa wapi? Leo akasema gari halitapanda mlima. Si tuko hapa? Sasa, Mjomba, mengine yote nimkatae, hili la mama tu nimwamini? Kwa nini?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Hata yule kijana mwenye mguu kwenye gogo aliinua kichwa akacheka, na kicheko chake ndicho kilichodumu kuliko vyote.

Cecil aliaibika, na mtu mwenye cheo akiaibika huwa hatari. "Kichaa anajitetea kwa ukichaa," alisema. "Mshikeni. Atabaki."

Vijana wawili wakasogea. Mabel alikuwa ameshafika bandani. Aliketi chini kando ya gogo, akanyoosha mguu wake, akakipandisha kitenge mpaka kwenye shavu la mguu, mwanamke wa makamo, mbele ya kadamnasi.

"Gogo lina tobo la pili," alisema. "Anzeni na huu. Akibaki yeye, nabaki mimi. Mguu chukueni, nywele hampati."

"Mabel, inuka. Unatuaibisha."

"Aibu umekuja nayo kwenye gari. Na Jumapili, Kaka, wakati wa kupita na kikapu cha sadaka, watakuuliza nani anaimbisha. Waambie Mabel umemwacha wapi. Waambie na hicho kichwa umekinyolea wapi. Utasema kinyozi gani?"

Hapo mzee mmoja aliyekuja na ukoo mwingine akasema, "Du! Mama huyu ana ulimi wa salfa," na watu wakacheka tena.

Bwana Faruku aliinua mkono. "Bwana mkubwa," alimwambia Cecil taratibu, "dawa yangu haimshiki mtu asiyetamka kwamba amekubali. Huyu hajakubali. Na kijana wako amekuja kwa miguu yake, anajibu maswali. Wachukue watu wako." Hakuna haja ya kumsifu kwa huruma. Wateja walikuwa wengi, wanatazama, na biashara yake ilitegemea utulivu. Lakini alisema, na aliyesema neno la haki, hata kwa sababu zake, amelisema.

Cecil aliwachukua watu wake wote isipokuwa wawili. Noah iliondoka na vichwa vinane vinavyong'aa, ikawaacha Mabel na Yoeli uwanjani. Mabel alisimama, akakung'uta vumbi, akamsogelea yule kijana wa kwenye gogo. Mama yake alikuwa karibu, anakoka moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwanao anaitwa nani?"

"Nurdini."

"Na wangu alikuwa hivi hivi. Masasi ipo kliniki. Ukifika, ulizia kwa Nesi Stamili. Ukiogopa kwenda peke yako, pita Lisekese, ulizia Mama Yoeli." Mwanamke yule aliacha kupuliza moto akawatazama mpaka walipopotea machoni. Kama alikwenda au hakwenda, Mabel hajui. Walitembea mpaka wakapata bodaboda, wakalala Newala kwa mwanakwaya mwenzake, na siku ya sindano haikuwapita.

Asiyetaka kusikia gharama ya jambo hili asome habari nyingine. Posa ya Furaha ilivunjika. Wakwe walisema ukoo umenyolewa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye yule mama. Cecil alituma neno kwamba Mabel asikanyage kwake, wala kwenye shughuli ya ukoo, mpaka atakaponyolewa. Wapo waliosusia korosho zake wasimsaidie kubangua. Na masika yale Yoeli, kwa kujiona mzima, alianza kuficha vidonge chini ya mkeka na akaikimbia sindano. Haikuchukua muda, wale wanaume wawili wakarudi, akashusha injini tatu kwa mpigo. Watu wakasema, "Mnaona? Angenyolewa mapema." Mabel alimrudisha kliniki mchana kweupe, akapita naye katikati ya soko makusudi, akisalimia kila mtu kwa jina.

"Hujachoka, Mama Yoeli?" Hajira, muuza vitumbua, alimuuliza.

"Nimechoka. Kwani mtu aliyechoka hatembei?"

Yoeli alitulia tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Sasa hukumbusha mwenyewe siku ya sindano. Bibi bado yupo. Siku nyingine anapiga kelele, Yoeli anaweka spana chini, anatembea mpaka mtoni, anarudi. Wateja wake wamezoea kusubiri. Asiyezoea apeleke pikipiki kwingine.

Kisha akafariki Mama Mkubwa Isabela, dada wa mama yao, aliyewalea wote watatu. Msiba ukawekwa kwa Cecil. Majirani walidhani Mabel hatakwenda. Alivaa kitenge cha msiba, akamwambia Yoeli atangulie kuungana na wachimba kaburi, naye akafuata.

Alipoingia uani, akina mama waliokuwa wameketi kwenye mikeka waligeuka. Hakuna aliyejisogeza. Huruma aliinuka akamfuata, macho chini, nywele zake zikiwa zimeshaota za kutosha kusukwa.

"Dada, Kaka anasema asiyenyolewa asikae kwenye mkeka wa ukoo."

Mabel alimtazama Cecil kule alikokuwa, kwenye viti vya wazee. Akapeleka mikono kichwani, akafungua kilemba, akakikunja, akakishika kwapani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari, nyeusi na mvi pamoja, zimetiwa mafuta, na kila mtu uani aliziona.

"Mwambie sijaja kukaa kwenye mkeka," alisema, kwa sauti ya kufika kwenye viti. "Nimekuja kumzika mama yangu."

Akaketi mchangani, peke yake, karibu na mlango wa chumba alimolala marehemu. Muda ukapita. Mchungaji alikuwa bado yuko njiani. Wimbo wa kwanza ulikuwa umeisha, na wa pili ulianzwa na mwanamke mmoja kwa sauti ya juu mno, ukakatikia njiani; akajaribu mwingine, ukamshinda naye. Pakawa kimya, kimya kile kinachoutia msiba aibu. Watu wakaanza kutazamana, na kutazama mchangani alipoketi Mabel, wakageuza macho.

Mabel hakungoja kuombwa. Akakohoa, akavuta pumzi, akauanza wimbo kwa sauti nzito inayoustahili, ubeti mzima, peke yake, kichwa wazi.

Ilipofika zamu ya kuitikia, wakaitikia. Wangefanya nini? Mikeka yote iliitikia, na viti vya wazee vikaitikia, na sauti ya besi iliyotoka huko ilikuwa ya Cecil.